Kwa wakufunzi wapya wa mameneja: chati ikae pembeni kwanza

Nimepitia slaidi ambazo wakufunzi wetu wapya wameziandaa kwa ajili ya mameneja wageni, na karibu zote zinaanza na chati ileile: umbali wa madaraka (yaani kiasi ambacho watu wanakubali kwamba mkubwa na mdogo hawalingani kwa mamlaka; namba ikiwa kubwa, wanakubali zaidi), Afrika Mashariki 64, Uholanzi 38. Wadogo zangu, nawapenda, lakini mnanichosha.

1. Jueni namba hizo zilikotoka. Geert Hofstede, mtafiti Mholanzi wa tamaduni, alizipata kwa kulinganisha majibu ya wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, na hiyo "Afrika Mashariki" ni Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia zilizotiwa katika kapu moja. Mwenyewe alisisitiza kwamba alama hizo hulinganisha mataifa, wala hazimwelezi mtu mmoja mmoja. Mkufunzi anayezitumia kutabiri jinsi fundi wa Mbeya atakavyomjibu bosi wake anapiga ramli.

2. Msimfundishe meneja kuishuku "ndiyo" ya mtu. Mimi nilifanya hivyo kiwandani, nikawaambia wageni kwa kujiamini kwamba mfanyakazi wa hapa hamkatalii mkubwa wake. Igizo dhima lilichekesha, na fomu za tathmini zilirudi zimejaa sifa. Haukupita muda, mmoja wao akamuuliza mtunza stoo kama malighafi ingetosha hadi shehena nyingine ifike, naye akajibu kuwa ingetosha, kwa sababu alikuwa ameihesabu. Meneja, mwanafunzi wangu hodari, akaona hiyo ni adabu tu. Akaagiza nyingine kwa bei ya dharura, kisha akaamuru stoo ihesabiwe upya mbele ya vibarua. Hesabu ikatoka ileile. Mzee yule hakugomba na mtu. Aliponiona getini aliniamkua vizuri, kisha akasema: "Mwalimu, siku ile unafundisha nilikuwa nimekaa nyuma. Mbona hukuniuliza?" Ni kweli, nilikuwa nimewaalika yeye na wenzake ili ukumbi usionekane mtupu, nikawaeleza kwa wageni kana kwamba hawapo. Wala sikwenda upesi kumsahihisha meneja, kwa kuwa mkataba wangu wa awamu ya pili ya mafunzo ulikuwa haujasainiwa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

3. Mfundisheni meneja kuuliza maswali yasiyojibika kwa ndiyo: imebaki mifuko mingapi, na kwa siku inatumika mingapi?

4. Kukosoa kufanyike faragha, na salamu zitangulie kazi.

5. Wenyeji nao wafundishwe, tena katika chumba kimoja na wageni. Msimamizi wa zamu ana haki ya kujua kwamba Mholanzi anayeichambua ripoti yake mbele ya kikao kizima huenda hakukusudia kumdhalilisha. (Naam, nimerudi kwenye chati, tofauti ni kwamba hapa Mholanzi yupo, na anaweza kuulizwa.) Wapeni kisa kilichotokea hapohapo kazini, si kile cha Tokyo mlichokikuta kwenye kitini cha mafunzo, kisha kila upande ueleze ulivyokiona kabla ninyi hamjafungua mdomo.

6. Fomu inayojazwa mlangoni, wakati watu wanasubiri chakula, hupima chakula. Rudini baada ya miezi mitatu, muwaulize walio chini ya meneja, yeye akiwa hayupo, na msitaje awamu ya pili.