Kabla ya kumpelekea fundi

Juzi, mvua ikipiga mabati ya Kadutu, hapa Bukavu, mdogo wangu mmoja alinitolea mfukoni kitabu cha mashindano ya sataranji, mgongo umezungushiwa skochi mpya. Uso wake ulijaa furaha. Wadogo zangu, kosa hili la kukifanya kipya kitabu cha zamani mtalirudia hadi lini? Mimi nililifanya vibaya kuliko yeye.

1. Kitabu cha mashindano ya New York 1924 mlicho nacho wengi si chapa ya kwanza, ni ya marudio, ya wachapishaji Dover, 1961. Si aibu, michezo ni ileile: Lasker anashinda, Alekhine aliyemaliza wa tatu anachambua. Ila geuzeni ukurasa wa jina mjue ni chapa ipi kabla ya kutoa dola.

2. Hesabuni michezo. Zürich 1953 wachezaji walikuwa 15, kila mmoja akakutana na mwenzake mara mbili: michezo 210. Ikipungua, kuna kurasa zimeng'oka.

Zürich hiyo ndiyo iliyoniumiza. Kitabu cha Bronstein, mmoja wa wachezaji wenyewe, kwa Kirusi, chapa ya 1960, nilikinunua kwa mjane mmoja wa Nyawera ambaye mumewe alisoma Moscow. Kirusi sijui, lakini e4, jina la mraba ubaoni, ni e4. Ukishika herufi tano za Kirusi zinazotaja kete unakicheza chote. Jalada lilikuwa limelegea, na pembezoni marehemu alikuwa amejaza penseli: hatua ambazo yeye angecheza, tarehe, maneno ya Kiswahili. Nikayaona uchafu. Nikakipeleka kwa fundi anayejalidi memware, tasnifu za wanafunzi, nikamwambia akifanye kipya. Alifanya nilichomwomba. Alitupa jalada, akapitisha kingo tatu kwenye mashine zilingane, akakivisha nailoni nyekundu. Wiki nzima nilizunguka nacho.

Kisha binti wa marehemu akaja. "Papa, naomba nione mwandiko wa baba." Tulifungua pamoja. Kurasa za kulia maneno yalikosa mkia, za kushoto yalikosa kichwa. Alipitisha kidole kwenye kila mstari uliokatika, taratibu, kama anayetafuta mwiba. Akauliza kama vipande vilihifadhiwa. Nilikimbia kwa fundi: vilishawashia mbabula. Neno moja tu lilibaki zima, katikati ya ukurasa wa mchezo wa Averbakh na Kotov, pale Kotov anapomtoa kafara malkia wake kwenye h3. Marehemu aliandika: "Ee Mama!" Binti alipiga picha kwa simu, akaniachia kitabu. Nilimsihi akichukue, hakutaka.

3. Masika, sanduku likae mbali na ukuta. Plastiki hufungia unyevu ndani. Kuvu itakula karatasi mkiwa mmelala.

4. Jalada lililochanika bado ni jalada. Likunjieni karatasi nyeupe, basi.

5. Skochi hugeuka manjano, gundi yake ikaingia karatasini. Wewe wa juzi, usiivute kwa nguvu, itaondoka na herufi. Kilete Jumamosi tuanze na pembezoni, niliona kuna mtu ameandika kitu pale kwenye jedwali la matokeo.