Nitajuaje watafiti wa chembe wanashughulikia nini sasa?

Swali: Nafundisha fizikia sekondari hapa Ilemela, Mwanza, na najiandaa kuomba shahada ya uzamili kwenye fenomenolojia ya chembe, yaani kuunganisha nadharia za chembe na matokeo ya majaribio. Nikifungua arXiv, hifadhi huria ya makala za kisayansi mtandaoni, nakuta makala mpya kibao. Nitajuaje mada zipi ziko hai? Bando nalo ni la kubana.

Jibu: Mwalimu, orodha ya kila siku ya hep-ph, kitengo cha fenomenolojia ya chembe ndani ya arXiv, itakuzoesha majina na istilahi, ila mwelekeo hauonekani humo. Hutolewa Jumapili hadi Alhamisi usiku kwa saa za Marekani, na kwa saa za Mwanza ni saa 9 usiku au saa 10 alfajiri kutegemea msimu wa Marekani; ukiamka Jumatatu hadi Ijumaa unaikuta tayari. Soma vichwa na muhtasari tu, PDF ndizo zinazokula bando.

Kazi yenyewe ifanyie INSPIRE, hifadhidata ya makala za fizikia ya chembe inayoonyesha nani kamrejea nani. Andika: primarch hep-ph and date 2024 and topcite 50+. Utapata makala za mwaka huo zilizorejewa mara 50 au zaidi. Rudia kwa 2022 na 2020, ukilinganisha mada, si idadi, maana makala ya zamani imekuwa na muda zaidi wa kurejewa. Makala za mapitio zitoe kwenye hesabu, kwani hurejewa sana hata mada ikiwa imepoa. Kuzisoma, zisome, ndizo zitakazokuingiza kwenye mada.

Wengi huteleza kwa kudhani wingi wa makala ndio uhai wa mada. Desemba 2015 ATLAS na CMS, majaribio mawili makubwa ya CERN, walionyesha ziada ya jozi za fotoni karibu na GeV 750 (kipimo cha nishati), ikadhaniwa huenda ni chembe mpya. Mamia ya makala yakamiminika. Agosti 2016 data zaidi zikaifuta. Kwa hiyo fungua tokeo la majaribio lenyewe, bonyeza idadi ya waliolirejea, panga kwa tarehe, uone kama bado linaandikiwa miaka miwili mitatu baadaye.

Hata hapo soma kwa nini linaandikiwa. Usumaku wa muoni (chembe kama elektroni ila nzito zaidi), uitwao g-2, bado una kazi tele, lakini swali limehama. Mwaka 2021 gumzo lilikuwa chembe mpya. Sasa hesabu za kimiani (lattice), zinazofanywa kwa kompyuta kubwa, zimesogeza utabiri wa nadharia karibu na kipimo cha Fermilab, maabara ya Marekani, na kitendawili ni kwa nini hazipatani na utabiri unaotokana na data za migongano ya elektroni na positroni. Ukiandika ombi kwa hoja za 2021, msimamizi atakujua kwa aya ya kwanza.

Naye mchunguze vivyo hivyo: weka jina lake INSPIRE, tazama makala zake za miaka miwili ya karibuni. Ukurasa wake wa chuo mara nyingi umepitwa na wakati.