Mawimbi yana nguvu, mbona intaneti inakatika?

SWALI: Tumeunganisha ofisi ya Mukono mjini na tawi letu la Seeta kwa redio mbili za 5 GHz. Mawimbi yanasoma -58 dBm na antena zinaonana bila kizuizi, lakini kila ikifika jioni kasi inaanguka. Mara nyingine mtandao unakatika kama dakika moja, kisha unarudi. Muuzaji anasema tununue antena kubwa zaidi. Tumsikilize? – Fundi, Mukono

JIBU: Shikeni pesa zenu kwanza, ndugu fundi. Kwa -58 antena hazina kosa (dBm hupima nguvu ya mawimbi; namba ikikaribia sifuri, nguvu ni kubwa zaidi). Tazama kipimo cha kelele, yaani mawimbi yasiyo yenu ambayo redio inayasikia: kwenye chaneli ya upana wa 20 MHz isiyo na mtu, redio isiyo na hitilafu husoma karibu -95 dBm. Ukikuta -75, kuna mwingine anayerusha hapo, na desibeli 17 zinazobaki kati ya -58 na -75 hazibebi kasi kubwa. Pima Mukono na Seeta pia, kwa sababu kelele humuumiza anayepokea, na upande mmoja unaweza kuwa shwari kabisa.

Redio nyingi za kazi hii zina kipima masafa ndani yake, kinachochora mawimbi yaliyo hewani. Zima redio ya upande wa pili usije ukajiona mwenyewe, kisha kiache kirekodi kilele kwa nusu saa, jioni hiyohiyo tatizo linapotokea. Kupima saa nne asubuhi ni kujisumbua bure. Kilima chenye mgongo bapa, upana wa 20 au 40 MHz, ni Wi-Fi ya jirani: hama chaneli, na kama mnatumia 40 MHz, shukeni hadi 20.

Ile dakika moja ndiyo inayonitia shaka zaidi. Redio ikihisi rada kwenye chaneli yake, sheria yake ni kuihama chaneli ndani ya sekunde 10, kutoirudia kwa dakika 30, na kusikiliza chaneli mpya sekunde 60 kabla ya kurusha chochote. Fungua kumbukumbu za redio uone kama rada imetajwa. Rada za hali ya hewa hukaa 5600 hadi 5650 MHz. Kwenye kipimo ni mistari myembamba inayochomoza kila baada ya sekunde kadhaa, antena yake inapozunguka. Redio yenye nguvu kwenye mnara wenu huweza pia kudhaniwa rada. Kwa vyovyote, kaeni mbali na masafa hayo. Wako wanaobadilisha jina la nchi kwenye mipangilio ili redio isisikilize rada. Huko ni kumpofusha mtabiri wa mvua.

Antena kubwa husaidia mwingiliaji akiwa pembeni. Akiwa nyuma ya Seeta, kwenye mstari uleule, itamkuza naye. Mkishindwa kumkwepa, pelekeni UCC (Tume ya Mawasiliano ya Uganda) picha ya kipimo, saa, masafa na uelekeo wa antena.