Leaf imezima njiani: usiivute kwa kamba

Pole sana ndugu. Kama nimekuelewa, Nissan Leaf yako, gari la umeme, imezima na jirani anataka kuivuta kwa kamba hadi gereji. Mkatalie. Mota haiachani na magurudumu ya mbele hata ukiweka gia ya N (huru). Yakizunguka, inazalisha umeme na inaweza kuharibika. Tafuta lori la kubeba gari zima, au angalau magurudumu ya mbele yainuliwe.

Ila kwanza pima betri ndogo ya volti 12. Hiyo ikifa, gari haliwaki hata betri kubwa ya kuendeshea gari, iliyo chini ya sakafu, ikiwa imejaa. Nyaya za rangi ya machungwa, zinazobeba umeme mkali, mwachie fundi aliyesomea magari ya umeme.

Ukiona moshi chini ya sakafu, shukeni wote, kaeni mbali, na mwite zimamoto mkiwaambia ni gari la umeme.