Kofia ya chuma ya York: kwa nini vipande na si bati moja?

Ndugu, umeuliza kama waliotengeneza kofia ya chuma ya York hawakuwa mafundi wa maana, kwa kuwa waliiunga kwa vipande. Mimi nafua vyuma hapa Kibuye, Kisumu, na jibu langu ni hapana kabisa.

Kwa wasioijua: ni kofia ya vita ya karne ya 8 iliyopatikana 1982 mtaa wa Coppergate, mjini York, Uingereza, tingatinga lilipoigonga. Sasa imo Yorkshire Museum.

Kiunzi chake ni mikanda. Mmoja unazunguka kichwa usawa wa paji la uso, mwingine unatoka puani, unapita utosini hadi kisogoni, na miwili mifupi inashuka ubavuni. Yanabaki matundu manne. Kila tundu limezibwa kwa kipande kilichopachikwa kwa ndani, kisha kikapigwa ribiti, yaani kipini cha chuma kinachopitishwa tunduni na kugongwa mpaka ncha yake ivimbe kuwa kichwa. Kwa hiyo kila penye mshono, upanga unakutana na chuma maradufu.

Halafu jiulize hicho chuma kilitoka wapi. Bati la kiwandani halikuwepo. Tanuri la mkaa lilitoa bonge lililojaa takataka, nalo lilifuliwa motoni tena na tena mpaka likasafika. Wasamia wetu kule Busia walipata chuma cha majembe kwa njia hiyohiyo. Kutoka bonge kama hilo, mkanda unafulika bila shida kubwa. Bati pana lenye unene sawa kote ni mateso.

Na kuna kupinda. Anayefua karai anajua: chuma kikigongwa kikiwa baridi kinakuwa kigumu, ukikilazimisha kinapasuka ukingoni. Lazima kirudi motoni, kipoe taratibu, ndipo uendelee. Kipande kidogo kinahitaji mpindo mdogo tu, na kikipasuka unatupa hicho kimoja.

Kuhusu hofu yako kwamba bila kulehemu itaachia: ribiti iliyopigwa vizuri haiachii. Siri ni tundu la ribiti. Likiwa kubwa kuliko shina lake, shina linapinda ndani unapoligonga, kichwa kinakaa upande na mshono unacheza.

Juu kuna utepe wa shaba njano wenye dua ya Kilatini na jina la mtu, Oshere. Mashavu yana bawaba. Lakini ninachokivulia kofia mimi ni pazia la shingoni, la pete ndogo za chuma: nyingine zimeungwa kwa moto, nyingine kwa viribiti vidogo mno. Hapo ndipo penye ufundi wa hali ya juu.

Umesema unataka kujaribu kuunda yako. Tafuta bati jeusi, yaani lisilopakwa zinki, la unene wa geji 16. Usiguse mabati ya kuezekea, yana zinki. Ukiyatia motoni moshi wake utakulaza kwa homa usiku huohuo. Anza na mkanda wa paji, uupime kichwani ukiwa umevaa kitambaa kizito, maana ndani lazima pawe na nafasi ya bitana.