Usonji: shangazi naye afanyiwe mtihani

Mwanangu miaka 6 ana usonji (autism), mpira ukirushwa unampiga kifuani ndo anainua mikono, mwalimu wa michezo anamcheka. Haoni vizuri?

Kapime macho, ila usishangae ukiambiwa yako poa. Kuona kitu kinakuja na kukiwahi ni mambo mawili. Mwaka 2013 watafiti Marekani waliwaonyesha watoto michirizi inayotembea kwenye skrini, na wenye usonji walijua inaelekea wapi haraka kuliko wenzao. Wengi wanakwama kwenye kupanga mwili uendane na muda. Anza na puto, linakuja taratibu. Na yule mwalimu wa michezo anayemcheka mbele ya darasa, mfuate.

Ni chanjo ndo imemletea usonji?

Hapana. Andiko la 1998 la Wakefield, daktari aliyehusisha chanjo na usonji, jarida lenyewe lililifuta 2010, na yeye akafutiwa udaktari Uingereza. Msiniulize tena.

Shangazi yake anasema hawa watoto hawajui mwenzao anataka nini. Kweli?

Shangazi kasikia nusu. Mwaka 1985 watoto walionyeshwa midoli, Sally anaficha gololi kapuni anatoka, Anne anaihamishia kwenye boksi, Sally akirudi ataitafuta wapi? Jibu ni kapuni, maana hakuona ikihamishwa. Wenye usonji 16 kati ya 20 walikosa, basi watu wakashika bango mpaka leo kwamba hawa hawasomi watu, wale wanne waliopata hakuna anayewataja. Halafu kujua mtu anaamini nini sio sawa na kuona anataka kufanya nini. Mtu mzima akijifanya anahangaika kufungua kitu anashindwa, watoto wengi wenye usonji wanamalizia kile alichokusudia, hawaigi kule kushindwa kwake. Na 2016 Uingereza watu wazima, wenye usonji na wasio nao, waliigiza kubembeleza, kudhihaki na kadhalika kwa kusogeza pembetatu tu. Wasio na usonji walipata shida kuzisoma za wenye usonji kuliko za wenzao! Sasa nani haelewi nani? Mtoto anaruka na kupunga mikono kwa furaha shangazi anaona utundu, naye amefeli hapo. Na mwambieni aache kumshika kidevu eti "nitazame machoni", wengine wanasikiliza vizuri wakiangalia pembeni.

Nikimpungia mkono kwaheri hapungi. Kiburi?

Hapana. Punga, nyamaza, msubiri. Mnawaongelesha mfululizo halafu mnasema hawajibu.

Nimeuziwa matone ya kutibu usonji, nimpe mangapi?

Hata moja usimpe. Usonji hauna dawa ya kuuondoa, na baadhi ya hayo matone ni kemikali za jamii ya jiki, yanaunguza utumbo. Kama ameshakunywa mpeleke hospitali leo, na chupa uende nayo.