Re: Mteja alikula chipsi tu, midomo ikafura

Sasa dada, nimesoma swali lako. Mteja alimwambia weita mapema kwamba ana aleji, samaki humdhuru, akaletewa chipsi na kachumbari pekee hapo hotelini kwako Kondele, Kisumu, na bado midomo ikafura. Kabla ulaumu viungo, angalia karai kwanza. Kama chipsi zinaingia mafuta yaleyale yamekaanga ngege (tilapia) basi nashuku hapo sana, juu protini ya samaki inabaki kwa mafuta na moto hauimalizi, hata uyachuje mpaka yang'ae. Mimi jikoni kwangu nimetenga karai ya chipsi, na kichungio chake kina uzi mwekundu kwenye mpini ndio kijana mpya asikichovye kwingine.

Halafu ubao na kisu cha kachumbari. Kupangusa na kitambaa haitoshi, hicho kitambaa ndicho kinasambaza, osha na sabuni na maji moto.

Mboga za kienyeji nazo usizisahau, wengi tunaunga na njugu au simsim, ambazo pia huleta aleji kwa wengine, na mteja hawezi kuziona kwa macho. Weita asiseme "hakuna shida" kabla aulize mpishi, na mpishi akiwa hana uhakika mteja aambiwe hivyo wazi, heri aende kula kwingine.

Na tafadhali, mtu akianza kukosa pumzi usimpe maziwa wala usingoje. Kama anabeba sindano yake ya adrenalini (dawa ya dharura ya aleji kali) adungwe pajani hapo hapo, akimbizwe hospitali, na asitembezwe.